Kuitoa Chevrolet V8 ya zamani kwenye tapeti bapa na kuiweka kwenye kamshafti ya rola

Kamshafti (shafti yenye nundu zinazosukuma tapeti, pushrodi na roka mpaka valvu zifunguke) yenyewe ndiyo kitu chepesi kuliko vyote katika kazi hii. Unachomoa ya zamani, unasukuma mpya, injini inawaka. Kinachoiharibu kazi ni vile vinavyoizunguka: kamshafti kutembea mbele na nyuma, gia ya distribyuta kuliwa, urefu wa pushrodi kukosewa, na springi za valvu kutolingana na nundu mpya. Mwongozo huu umejengwa juu ya smoli-bloku (V8 yenye bloku ndogo) ya Chevrolet ya 1955 hadi 1986, hasa ya inchi za ujazo 350, kwa sababu ndiyo inayobadilishwa zaidi na spea zake zinapatikana. Injini nyingine za V8 zenye pushrodi hufuata njia ileile, ila vipimo ni vyake. Tundu la tapeti la Chevrolet ni inchi 0.842, la Ford ni 0.875, la Chrysler ni 0.904, kwa hiyo usiazime tapeti za jirani.

Kwa nini kubadilisha

Tapeti bapa husugua nundu. Eneo linalogusana ni dogo, mgandamizo ni mkubwa, na kinachozuia chuma kisishikane na chuma ni utando mwembamba wa oili pamoja na zinki na fosforasi zilizomo ndani yake. Kuanzia daraja la ubora wa oili la API SM la 2004, fosforasi kwenye oili nyepesi za petroli iliwekewa ukomo wa sehemu 800 kwa milioni. Kamshafti mpya ya tapeti bapa ikiwashwa kwa oili ya namna hiyo, na isipozungushwa dakika 20 hadi 30 za mwanzo kwa mizunguko 2,000 hadi 2,500, nundu moja au mbili huweza kulika kabisa. Unga wake wa chuma unaishia kwenye beringi za kranki.

Tapeti ya rola hubingirika. Haihitaji kuzoezwa, haina shida na oili ya kisasa, na nundu inaweza kuchongwa iinuke haraka zaidi, hivyo valvu inakaa wazi sana kwa muda uleule wa kufunguka. Faida nyingine ambayo wengi hawaifikirii: tapeti za rola zilizo nzima zinaweza kuhamishiwa kwenye kamshafti nyingine ya rola. Tapeti bapa iliyotumika haitoki kwenye nundu yake kwenda nyingine.

Jua bloku uliyonayo kwanza

Toa manifoldi ya kuingiza uangalie bonde la tapeti. Bloku za V8 za magari madogo kuanzia 1987 zina kingo za matundu ya tapeti zilizoinuliwa na kusawazishwa juu, vinundu vitatu vya chuma katikati ya bonde, na mbele, pembeni mwa tundu la kamshafti, matundu mawili ya bolti. Hizo zilizaliwa kwa ajili ya rola: vibamba vyenye umbo la mfupa huzuia tapeti zisizunguke, bamba la springi lenye miguu kama buibui huvikandamiza, na bamba dogo la mbele huishika kamshafti isitembee. Bloku yenye namba 14093638 iliyotupwa juu ya chuma chake ni mojawapo. Angalia bado, kwa sababu baadhi ya bloku za malori za miaka hiyo zina vinundu lakini havijatobolewa wala kukatwa nyuzi.

Bloku ya kabla ya hapo haina hata kimoja. Hiyo inahitaji tapeti za rola zilizounganishwa mbilimbili kwa upau wa chuma ili zisizunguke ndani ya matundu. Ni ghali kuliko za kiwandani, na nzito zaidi.

Kama bloku yako ya zamani inahitaji kuborwa hata hivyo, tafuta bloku ya 1987 au baada badala ya kuivalisha hiyo vifaa vya kuazima. Utapata tapeti za kiwandani, buibui na bamba la mbele kwa pesa kidogo. Kumbuka tu kwamba bloku za kuanzia 1986 zina sili ya nyuma ya kranki ya kipande kimoja; kranki ya zamani inaingia humo kwa adapta ya sili.

Yaliyobaki yanahusu bloku ya zamani.

Vifaa

Kamshafti ya rola iliyotengenezwa kwa ajili ya bloku ya zamani, yaani yenye pua ya kawaida. Kamshafti ya kiwandani ya 1987 ina pua yenye ngazi kwa ajili ya bamba la kuzuia, na bolti zake za gia zimekaa kwenye duara dogo zaidi, kwa hiyo gia ya taimingi ya zamani haikai juu yake. Hapa ndipo watu wengi hununua mara mbili.

Tapeti 16 za rola zenye upau. Pushrodi 16, ambazo hutanunua mpaka upime. Springi 16 zenye vikombe na vifungo vyake. Cheni ya taimingi ya safu mbili, ikiwezekana yenye beringi bapa nyuma ya gia ya juu. Batani ya kuzuia kamshafti, taimingi kava isiyopinda, gia ya distribyuta inayoendana na chuma cha kamshafti, gasketi za manifoldi, taimingi kava na wota pampu, pamoja na sili ya mbele. Ukiwa na pampu ya petroli ya kusukumwa, ongeza fimbo yake yenye ncha ya shaba nyeusi kama kamshafti ni ya chuma cha stili.

Vya kupimia: geji ya saa yenye sumaku, sahani ya digrii, kizuizi cha pistoni, pushrodi ya kurefushwa, springi mbili laini za kujaribia, vernia, na spana ya toki.

Kufungua

Maji, radieta, feni, wota pampu, puli ya kranki. Puli itolewe kwa pula ya kufungwa kwa bolti tatu kwenye uso wake, siyo ya makucha. Ukiivuta kwa ukingo wa nje, mpira wa ndani unachanika na alama ya taimingi inahama. Kabla ya kuchomoa distribyuta, zungusha kranki mpaka silinda namba moja iwe kwenye kilele cha mkandamizo, halafu weka alama mahali rota inapoelekea.

Toa roka, pushrodi, kisha tapeti za zamani. Tapeti iliyochakaa huota ukingo kwa chini na haipandi juu. Usiing'oe kwa nguvu, itakwaruza tundu. Nyunyizia dawa ya kusafishia kabureta, izungushe huku ukiipandisha na kuishusha mpaka ilegee.

Funga bolti ndefu mbili au tatu za inchi 5/16, nyuzi 18, kwenye pua ya kamshafti ziwe mpini, uichomoe taratibu huku mkono mwingine ukiibeba kutoka kwenye bonde. Halafu tia tochi. Beringi za kamshafti zikiwa zimeonyesha rangi ya shaba, au matundu ya tapeti yana mikwaruzo inayoshika kucha, simama hapo. Kamshafti mpya ndani ya beringi zilizokwisha ni presha ya oili iliyotupwa.

Kamshafti inayotembea

Nundu ya tapeti bapa si bapa kweli. Imechongwa kwa mwinamo mdogo sana, na uso wa tapeti una kitumbo kidogo. Mambo hayo mawili huizungusha tapeti na papo hapo huisukuma kamshafti kwenda nyuma, gia yake ikiegemea uso wa bloku. Ndiyo maana injini ya zamani haikuhitaji kizuizi chochote mbele.

Nundu ya rola ni bapa moja kwa moja. Hakuna kinachoirudisha. Kamshafti ikienda mbele milimita moja, rola husogea pembeni ya nundu yake, na kwa kuwa meno ya gia ya distribyuta yamekatwa mshazari, taimingi ya cheche nayo inahama. Ukimulika taa ya taimingi utaona alama ikichezacheza bila kutulia.

Dawa ni batani inayokaa kwenye kitovu cha gia ya juu na kuegemea taimingi kava kwa ndani. Mchezo unaotakiwa ni milimita 0.13 hadi 0.25. Upime hivi: funga gia, batani, gasketi na kava kwa toki yake. Tapeti zikiwa bado hazijaingia, weka ncha ya geji ya saa ubavuni mwa nundu mojawapo kupitia bonde. Isukume kamshafti nyuma kwa bisibisi iliyofungwa kitambaa, weka geji kwenye sifuri, kisha isukume mbele. Ukizidi, ongeza shimu (kibati chembamba cha kujazia) nyuma ya batani. Ukipungua, batani ya nailoni ipige msasa, au ya rola ipunguzie shimu.

Kipimo hicho hakina maana kama kava ni ya bati la kawaida. Ibonyeze kwa kidole gumba, inapinda. Tumia ya alumini ya kutupwa au ya bati iliyoimarishwa, au wota pampu yenye bolti ya kuegemea kava kwa nje.

Kuingiza na kupima digrii

Paka beringi na nundu oili safi ya injini. Grisi nzito ya molibdeni ni ya nundu za tapeti bapa. Kwenye rola inafanya sindano za beringi ziteleze badala ya kubingirika. Itumie kwenye meno ya gia tu. Ingiza kamshafti bila kuilazimisha. Ikigoma, nundu imegonga ukingo wa beringi, izungushe kidogo.

Linganisha alama za taimingi, funga bolti tatu za gia kwa dawa ya kuzuia bolti zisilegee na toki ya Nm 27. Kisha pima digrii. Alama kulingana hakukuhakikishii kwamba kamshafti, gia na ufunguo wa kranki vyote vilichongwa sawa.

Tafuta kilele cha kweli cha pistoni kwa kizuizi: zungusha upande mmoja mpaka igonge, soma sahani, zungusha upande mwingine mpaka igonge, soma tena, kilele kiko katikati. Weka tapeti ya rola kwenye nundu ya kuingiza ya silinda namba moja na geji juu yake. Tapeti bapa haitakupa jibu sahihi kwa sababu haigusi nundu mahali palepale. Fika kwenye upeo wa kuinuka, weka geji sifuri. Rudi nyuma vya kutosha, kisha songa mbele mpaka ibaki milimita 1.27 kabla ya upeo, usome sahani. Endelea mbele, upite upeo, mpaka ishuke milimita 1.27, usome tena. Tuseme umepata digrii 74 na 142 baada ya kilele: jumla 216, nusu yake 108. Kadi ya vipimo inayokuja na kamshafti ikisema 106, kamshafti imechelewa digrii 2. Gia nyingi za kranki zina njia tatu za ufunguo, moja ya kawaida, moja ya kuwahisha digrii 4 na moja ya kuchelewesha 4. Kwa tofauti ya digrii 2 kwenye gari la barabarani, wengi huiacha. Kwa digrii 5, rekebisha.

Tapeti

Zichovye kwenye oili, rola ibingirike kwa kidole bila kukwama. Hakuna haja ya kuzijaza oili usiku kucha, na kwa kweli inasumbua, kwa sababu iliyojaa haisemi ukweli wakati wa kurekebisha.

Ziingize mbilimbili, upau ukielekea upande alioagiza mtengenezaji. Zungusha kranki mizunguko miwili kamili kwa mkono huku ukiangalia mambo matatu. Upau usiguse bloku popote kwenye upeo wa kuinuka. Tapeti isipande hadi kugusa manifoldi. La tatu ndilo linalosahaulika: ule mfereji wa oili kiunoni mwa tapeti usitoke nje ya tundu, juu wala chini. Ukitoka, oili inamwagika bondeni kila mzunguko, na presha inashuka pasipo mtu kuelewa kwa nini.

Pushrodi: pima, kisha nunua

Tapeti ya rola ni ndefu, kwa hiyo pushrodi inafupika. Ya tapeti bapa ni karibu inchi 7.8, ya rola ya kiwandani 7.2, na ya tapeti za upau mara nyingi huangukia karibu na 7.3. Hiyo ni ya kuanzia tu. Hedi iliyopigwa pleni, gasketi nene au roka tofauti hubadilisha hesabu.

Weka springi laini za kujaribia kwenye silinda moja, na tapeti ngumu ya kupimia, au ile ya haidroliki ikiwa imezuiwa isibonyee. Paka ncha ya valvu wino. Weka pushrodi ya kurefushwa, ondoa ulegevu, zungusha kranki mara mbili, fungua utazame alama. Unachotafuta ni mstari mwembamba. Wengi hufukuza alama iwe katikati kabisa na kusahau upana wake. Mstari mwembamba uliopotoka kidogo pembeni ni bora kuliko mpana ulio katikati, maana upana ndio umbali ambao roka inasugua ncha ya valvu. Ukipata urefu mzuri, ongeza mkandamizo wa awali wa tapeti, karibu milimita 0.5, kisha uagize. Kama hedi ina bamba za kuongoza, pushrodi ziwe zilizogumishwa kwa moto.

Springi

Springi za kiwandani za tapeti bapa hazitoshi. Tapeti ya rola ni nzito na nundu yake inapanda haraka. Springi ikiwa dhaifu, rola inaruka juu ya nundu na kuigonga ikirudi. Sindano za ndani huvunjika na vipande vyake vinazunguka na oili injini nzima. Kwa rola ya haidroliki ya barabarani, valvu ikiwa imefungwa springi isukume kilo 55 hadi 65, ikiwa imefunguka kilo 140 hadi 160, isipokuwa kadi ya kamshafti yako iseme vingine. Kupita hapo kunabonyeza tapeti yenyewe na kuzichosha sindano. Hata kwa springi sahihi, tapeti hizi za upau huishiwa pumzi kati ya mizunguko 6,000 na 6,500.

Pima mambo haya kwa vernia, siyo kwa macho. Tuseme urefu wa springi ikiwa imefungwa ni milimita 45 na valvu inafunguka 12.9, inabaki 32.1. Springi hiyo ikishikana koili zote kwenye 29.5, una nafasi ya 2.6, ni salama. Chini ya 1.5 usifunge. Kati ya kikombe cha springi na sili ya valvu nako iwe angalau 1.5, hedi za kiwandani mara nyingi huhitaji gaidi za valvu zipunguzwe kwa juu. Kati ya valvu na pistoni, kwa udongo wa kufinyangia, isipungue milimita 2 kwa ya kuingiza na 2.5 kwa ya kutoa.

Na stadi za roka, yaani nguzo zinazoshikilia roka kwenye hedi. Nyingi za zamani zimepigwa tu kwenye hedi bila nyuzi. Springi mpya zinazivuta zitoke taratibu, na utaona valvu moja inalegea kila wiki. Peleka hedi zikatwe nyuzi ziwekwe stadi zenye nyuzi.

Gia ya distribyuta

Kamshafti nyingi za rola za kuagizwa zimechongwa kwenye stili. Gia ya chuma cha kutupwa ya distribyuta ikisuguana na stili hiyo inaliwa, wakati mwingine ndani ya siku chache. Soma kadi: kama kamshafti ni ya stili, weka gia ya shaba nyeusi au ya plastiki ngumu iliyochanganywa nyuzi, na kama mtengenezaji ameruhusu gia ya stili iliyotiwa nitrojeni, hiyo ndiyo hudumu zaidi. Ya shaba ni ya kuliwa kwa makusudi. Utaibadilisha.

Pima shafti kabla ya kununua: za kiwandani ni inchi 0.491, nyingi za kuagizwa ni 0.500. Na gia ina kitone kimoja kilichobonyea upande mmoja. Kielekee ncha ya rota. Gia ya Chevrolet ina meno 13, namba witiri, kwa hiyo ukiipindua nusu mzunguko haidondoki kwenye jino bali katikati ya meno mawili. Rota inapotoka karibu digrii 14, ambazo kwenye kranki ni 28. Injini itawaka, lakini mwili wa distribyuta utakosa nafasi ya kuzungushwa kupata taimingi.

Kufunga na kuwasha

Rekebisha valvu moja moja. Ya kutoa ikianza kufunguka, shughulikia ya kuingiza ya silinda hiyo; ya kuingiza ikikaribia kufunga, shughulikia ya kutoa. Usizungushe pushrodi kwa vidole kutafuta ulegevu, tapeti laini itabonyea bila wewe kujua. Ipandishe na kuishusha. Mchezo wa juu-chini ukiisha ndipo sifuri ilipo. Kaza nusu mzunguko zaidi. Kwenye stadi ya inchi 3/8, nyuzi 24, hiyo ni karibu milimita 0.53.

Kabla ya kufunga distribyuta, jaza oili kwa kuzungusha pampu na drili kisaa kupitia tundu lake. Kifaa kiwe na mwili kamili kama distribyuta, maana mwili huo ndio unaoziba njia ya oili ya tapeti za upande mmoja. Bisibisi ndefu tupu itakuonyesha oili upande mmoja tu. Endelea, ukizungusha kranki robo kwa robo, mpaka oili itoke kwenye roka zote 16. Manifoldi Nm 40, distribyuta mahali pake, waya kwa mpangilio 1-8-4-3-6-5-7-2.

Injini ikiwaka iache iungurume taratibu kama kawaida. Mlio wa tik-tik wa dakika chache za mwanzo ni hewa kwenye tapeti. Tiki ya valvu moja isiyoisha injini ikipata moto: angalia urefu wa pushrodi na stadi ya valvu hiyo kwanza. Mkandamizo mdogo kwenye silinda zote maana yake valvu zimekazwa kupita kiasi, au kamshafti imechelewa jino zima.

Badilisha oili na filta baada ya kilomita 800. Chana filta uipanue juani. Chembe za dhahabu chache kutoka kwenye gia ya shaba ni kawaida. Vijiti vidogo vinavyong'aa na kushikwa na sumaku ni sindano za rola. Zima injini hiyo na utoe manifoldi.